Mimi Ndiye Niliyesema Shaibu Afunikwe

Tandika, Temeke
Jumatano, baada ya isha

Somoe,

Barua hii nitakupa kesho stesheni, na nitakuomba usiifungue mpaka treni ipite Pugu. Nakujua, utaifungua hata kabla injini haijapiga honi. Basi ukiifungua mapema usishuke. Kaa kitini mwako usome mpaka mwisho.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kutolala mlango wazi mama yako keshayasema, na bado anayasema, namsikia hapa nilipo. Mie sina la kuongeza. Nguo umefunga, cheti chako cha uuguzi kimo kwenye bahasha ya kaki, barua ya kupangiwa kituo Nzega umeisoma mara kumi. Umewazidi wasichana wote wa mtaa huu, na mie nimetembea kifua mbele wiki nzima. Lakini tangu Jumapili nina hasira, mwanangu, na umeiona. Umeniuliza mara mbili, "Baba, una nini?" Nikakujibu kichwa kinaniuma. Nilikudanganya. Nina hasira na wewe, nina hasira na mtaa huu, na zaidi ya yote nina hasira na huyu mzee anayeandika.

Jumapili shangazi yako alikuja kukuaga. Tumekaa uani tunakunywa chai, Mama Halima akapita na ndoo yake ya maji. Shangazi akakuuliza yule nani. Ukamjibu, nakumbuka neno kwa neno: "Ndiye yule aliyemziba mumewe na kanga mpaka akafa. Mume mlevi, mke mjinga, ndiyo matokeo yake." Shangazi akacheka. Mama yako akacheka kidogo. Wewe ukaongeza kwamba walevi wakiletwa hospitali wanapoteza nafasi ya wagonjwa wa kweli, kwamba ungekuwa na uwezo ungewaacha nje mpaka pombe iwatoke. Ukasema hivyo wewe, nesi mwenye cheti, kijiko cha sukari mkononi.

Na mie niliyekuwa nimekaa pale? Nilikunywa chai. Miaka kumi na tano nakunywa chai kila Mama Halima anapotajwa.

Sasa sikiliza. Hujui unalolisema, na si kosa lako kutojua, kwa sababu mwenye kujua ni mie na nimenyamaza. Hukuzua wewe. Ulikuwa na miaka mitano wakati ule, ukayaokota mtaani kama watoto wenzio walivyoyaokota. Lakini hilo la kuwaacha walevi nje hukuliokota mtaani. Hilo umelipata kwangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana wiki ijayo utakuwa peke yako zamu, mtu ataletwa ananuka, na utamtazama kwa macho niliyokupa mie.

Unanijua mimi ni mtu gani. Sijawahi kuonja pombe. Sikuonja kule Lindi nilipokuwa kijana, sikuonja nilipokuja mjini nikaajiriwa dresa wa kufunga vidonda. Wenzangu walikuwa wakipita vilabuni mwisho wa mwezi, mie napita msikitini. Hilo si baya. Baya ni kwamba nililivaa kama cheo. Mlevi akiletwa zahanati nilikuwaga namsemesha kwa pembe ya mdomo. Nilikuwa namwacha kwenye benchi hata muda wa saa mbili ndipo nimfunge kidonda, ajifunze. Ajifunze nini? Sijui. Mpaka leo sijui nilidhani nafundisha nini.

Shaibu alikuwa fundi rangi. Nusu ya milango ya mtaa wetu wakati ule aliipaka yeye, na wa kwetu pia. Mtu mpole, anaimba akipaka. Alikunywa gongo, na kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui kwa sababu alikuwa akiswali pia, na alikuwa na mke mwenye heshima zake na mtoto mmoja, Halima.

Ilikuwa Ramadhani, siku ya Ijumaa, mchana. Bwana mganga wetu, mkuu wa zahanati, alikuwa ameitwa mjini kwenye mkutano. Nimebaki mie peke yangu. Nimeshatoa aproni, nimeshatia udhu, nimevaa kanzu niliyopigiwa pasi na mama yako asubuhi ile, nafunga mlango wa chumba cha vidonda niwahi msikitini. Ndipo wakaja wanaume wawili na mkokoteni, Shaibu juu yake chali, miguu inaning'inia, na mkewe nyuma anakimbia huku ameshika viatu vya mume mkononi. Wale wanaume walimkuta nyuma ya ghala moja huko Mtoni. Wakamteremsha, wakaondoka upesi, maana hakuna aliyetaka kuonekana na mlevi mchana wa Ramadhani.

Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Hatua tatu, Somoe. Harufu ya gongo ilinifikia pale pale na nikaona inatosha. Shati lake lilikuwa na matapishi. Nikafikiri: nikimgusa huyu, kanzu imekwisha, nitarudi nyumbani kubadili, Ijumaa imenipita. Ndivyo nilivyofikiri. Usije ukatafuta sababu nyingine nzuri zaidi kwa ajili yangu, haipo. Wala usije ukaisingizia dini. Dini yangu haikuniambia nimwache mtu afe nikaswali. Niliyejiambia ni mimi.

Mama Halima akasema, "Dresa, mbona anakoroma hivi? Si kukoroma kwake huku."

Sikia mwanamke asiyesoma hata darasa moja. Alikuwa ameshaona. Miaka kumi alikuwa analala na mtu yule, anajua koromo lake, na hili lilikuwa jingine, zito, linakatika katikati kisha linaanza tena. Alinipa ugonjwa wote mkononi, nami nikamjibu, "Mlevi asipokoroma afanye nini?"

Nikamwambia amvute mpaka barazani, kwenye kivuli. Akamvuta peke yake, mie nimeshika funguo. Akamlaza chali. Watu walikuwa wameanza kupita kwenda msikitini, na njia yao ni pale mbele ya zahanati. Mama wa watu akawa anajikinga uso, machozi yanamtoka kwa aibu. Hapo ndipo nilipojiona mwema. Nikasema, "Mfunike, mama. Mfunike uso, watu wasimjue. Tumsitiri."

Akatoa kanga ya begani akamfunika kuanzia kichwani. Akaniuliza, "Nikae naye?" Nikamwambia asikae. Nikamwambia mwanamke aliyekaa kando ya mtu aliyefunikwa anaita macho ya watu, aende nyumbani, nikitoka msikitini nitamtazama, atakuwa ameshaanza kuzinduka. Akaenda. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye dresa.

Basi nikaenda nikaswali. Na baada ya swala sikurudi moja kwa moja, nilisimama nje na wenzangu tukazungumza habari za mwezi kuandama.

Niliporudi kanga ilikuwa imelowa pale mdomoni na imegandana. Nilipoifunua midomo ilikuwa imeshageuka rangi. Nilimgeuza, nikaingiza vidole nikatoa matapishi yaliyojaa kooni, nikampiga mgongoni, nikamkandamiza kifua, nikapuliza mdomoni kwa mdomo wangu, nami nimefunga. Kanzu ikachafuka yote. Shaibu alikuwa ameshapoa.

Sasa nisome vizuri hapa, maana wewe umesoma vitabu vyenye picha na mimi sikusoma, lakini hili nimelilipia. Pombe haikumuua Shaibu peke yake. Kilichomuua ni kulala chali na kutotazamwa. Mtu aliyelewa kupita kiasi koo lake limelala. Akitapika hakohoi. Kile kitambaa hakikuwa kizito cha kuziba pumzi, kanga nyepesi ya kuchakaa, hata mtoto mchanga angepumua. Lakini kilinizuia mie nisione. Kilimzuia kila aliyepita. Watu arobaini walipita pale wakienda na kurudi msikitini, na kama uso ungekuwa wazi, mmoja wao angesema, "Jamani, huyu amebadilika." Tulimsitiri mpaka tukamficha na uhai wake.

Ndiyo maana nakwambia, mtu wa namna hiyo mlaze ubavu, goti la juu likunje mbele limzuie asirudi chali, mdomo uangalie chini ili kitakachotoka kitoke. Uso uwe wazi. Ndugu zake wakitaka kumfunika kwa aibu, vuta pazia, funga mlango, fukuza watazamaji, tukana ukitaka. Uso uwe wazi.

Na harufu. Harufu inakwambia kilichopita mdomoni tu, haikwambii kinachomuua mtu. Miaka minne baada ya Shaibu mgambo walimleta dereva mmoja anatukana wazazi wetu sote, anaburuta maneno, ananuka pombe ya komoni. "Mlevi huyo, mtupe hapo," wakasema. Nikapitisha vidole kichwani, nywele hadi nywele, kama mama anayetafuta chawa. Juu ya sikio nikakuta pamevimba na panabonyea. Nikawasha tochi, mboni moja kubwa na nyingine ndogo. Nikakata shati lake kutafuta majeraha mengine, nikahangaika na simu ya posta mpaka gari la wagonjwa likaja kumpeleka hospitali kubwa. Akapona. Miezi mitatu baadaye alinijia juu zahanati kwa sababu ya shati. Alisema lilikuwa shati zuri. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya Idi, na nikaenda msalani nikalia, kwa sababu vidole vile vile vilikuwa na mimi siku ya Shaibu na sikuvitoa mfukoni.

Kwa hiyo usiniambie "amelewa tu." Neno hilo "tu" liondoe kabisa kwenye kazi yako. Mwite kwa jina. Asipoitika, msugue mfupa wa kidari kwa konzi uone kama anakunja uso. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa yako, siyo robo dakika kisha unazidisha, maana anaweza kuvuta tatu za haraka halafu akasahau kuvuta. Zikipungua chini ya kumi, au zikiwa na mapengo, mlevi wako anakufa na huna muda wa kumsema. Mshike mikono na tumbo. Pombe inamtoa mtu joto, na hata kwenye jua letu hili, kama ningemgusa Shaibu ningemkuta ameanza kupoa kabla hajafa. Mvue nguo zilizolowa, mpe blanketi. Wale wanaomwagia mtu ndoo ya maji azinduke, wazuie hata kama ni polisi.

Sukari pia usisahau. Mtu ameshinda na njaa, mara nyingi siku mbili hajala, kanywa tu, sukari mwilini imekwisha, na sukari ikiisha mtu anaonekana kalewa zaidi. Kuna mgonjwa wa kisukari aliyejidunga dawa yake akakosa chakula, naye anayumba na kubwata vile vile bila hata tone la pombe. Mchome glukosi kwenye mshipa, na kama ni mnywaji wa miaka mpe sindano ya vitamini B kwanza. Hilo bwana mganga alinifundisha baadaye, na ninyi nadhani mmelisoma. Mdomoni usimpe kitu mtu asiyejitambua. Wataleta maziwa, ndimu, maji ya chumvi, kahawa chungu. Wataleta vidole wamtapishe. Kila familia ina dawa yake na kila dawa inaingia mapafuni.

Anayepiga watu ngumi na kuvunja vitu usikimbilie kumchoma sindano ya kumlaza kwa kuwa amekukera. Pombe imeshamlaza nusu, sindano inaweza kummalizia. Kaa naye, sema naye taratibu, mwite mwanamume mwenye subira akae mlangoni. Na akija mtu siku ya pili, pombe imeshamtoka, anasema anaona ukungu, au macho yanamfifia, usimcheke na kumwambia hiyo ni mning'inio wa pombe ya jana. Kuna spirti ya viwandani wanayochanganya huko vichochoroni, inaua macho kwanza kisha inamuua mwenyewe. Huyo mpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo, na uulize aliokunywa nao wako wapi.

Na jambo la mwisho la kazi, kisha nirudi kwenye aibu yangu. Mlevi akiletwa yuko hivi, saa moja baadaye anaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu kilichomo tumboni bado kinaingia. Mrudie kila robo saa. Usiseme nitamtazama nikitoka msikitini, nikitoka kula, nikimaliza foleni. Kila robo saa, kwa miguu yako.

Haya. Bwana mganga alirudi alasiri. Akakuta maiti na mie na kanzu chafu. Akaniuliza nini kimetokea. Nikasema, "Mkewe alimfunika uso."

Ndivyo nilivyosema. Kila neno lilikuwa kweli. Bwana mganga akaandika kitabuni kwamba mtu alikuwa mlevi akazibwa pumzi na nguo. Mhudumu mmoja akasoma kitabu. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mke wa Shaibu amemziba mumewe. Nilikwenda mazikoni. Nilibeba jeneza, Somoe, nilikuwa mstari wa mbele, watu wakanipa mkono wa pole kwa kuhangaika na marehemu. Nikapokea.

Wakati Mama Halima yuko eda ndani, wanawake walikwenda kumhani kisha wakitoka wanasimama uchochoroni wanasema. Watoto wakimwona wanajifunika nguo usoni na kuanguka chini. Na wewe ulicheza mchezo huo, nilikuona mlangoni, nikakuita ndani nikakwambia jua kali. Halafu Halima akakua, mtoto mzuri, akaposwa na kijana wa Kinondoni mwenye kazi ya kudumu. Wazee wa kijana wakaja mtaani kuulizia. Unajua walimuuliza nani? Wakaja kwangu, kwa sababu mie mtu wa zahanati, mtu wa msikitini. Wakasema, "Tumesikia habari ya mama mtu. Kuna ukweli?" Mlango ulikuwa umefunguka wazi wa kusema kweli. Nikawaambia, "Hayo ni ya zamani." Wakaelewa walivyoelewa. Posa ikafa. Halima yumo ndani kwa mama yake mpaka leo anashona.

Nimekaa na vijana wa chama, nimesikia hotuba za usawa na utu, kila mtu ndugu yangu, nimepiga makofi. Nimepewa ukumbusho wa mfanyakazi bora, umeuona ukutani. Mama yako anaufuta vumbi kila Jumamosi. Siku nyingi nimetamani uanguke uvunjike.

Nasema nina hasira na mtaa huu, na ninayo. Watu wanaojua kulinda aibu ya mlevi kuliko kulinda roho yake. Watu waliompitia mtu kafunikwa barazani wakageuza macho wakaiita heshima. Wakampata mwanamke wa kumbebesha wakatulia. Lakini kila nikiwalaani nakuta nipo mbele yao nawaongoza, na funguo mkononi.

Jana, baada ya alasiri, nilikwenda kwake. Hukujua, ulikuwa Kariakoo kununua viatu. Nilimkuta kibarazani anasuka ukili, Halima ndani na cherehani yake. Akanikaribisha, akaniwekea kigoda. Sikukaa. Nikamwambia yote, nimesimama, kama mtu anayejibu mbele ya hakimu. Nikamwambia mie ndiye niliyesema afunikwe, mie ndiye niliyemfukuza yeye asikae naye, mie ndiye niliyesema nusu ya maneno kwa bwana mganga. Cherehani ndani ikanyamaza.

Yeye hakuacha kusuka. Akaniambia, "Dresa, ulidhani nimesahau? Mie si nilikuwepo?"

Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Nimwambie nani? Wewe una kanzu, mie nina mume mlevi. Nani ataniamini?" Akavuta ukili, akaongeza, "Halafu Halima alikuwa na homa kila mwezi. Sindano angemchoma nani, kama si wewe? Nilikuwa nikimleta natazama mikono yako tu, uso wako siutazami."

Unakumbuka wewe jinsi nilivyokuwa nikisema Mama Halima ni mwanamke mkavu, haangalii watu usoni? Nilikuwa nasema hapa hapa mezani.

Nikamwambia Jumapili hii kuna mkutano wa nyumba kumi kwa balozi, na nitasimama nitasema yote mbele ya watu, na nitakwenda Kinondoni kwa wale wazee hata kama kijana wao ameshaoa. Nikamwomba radhi. Hakunipa. Hakusema hapana pia. Alisema, "Sema. Ulipaswa kusema wakati ule, Halima ana miaka saba." Halima akatoka mlangoni, akanitazama, akarudi ndani, cherehani ikaanza tena.

Kwa hiyo utakapofika Nzega barua za mama yako zitakuwa na habari za baba yako. Watu watanipa mgongo. Pengine wataniambia nisiende tena mbele kwenye safu. Shangazi yako atasema nimewehuka uzeeni. Mama yako bado hajui, nitamwambia kesho tukitoka stesheni, na hilo naliogopa kuliko mkutano. Usiandike kunitetea. Ukisikia mtu anamsema Mama Halima, hapo ndipo utetee, na mtaje baba yako kwa jina.

Nilipokuwa naondoka aliniita. Nikadhani amelegeza moyo. Akauliza, "Yule Somoe wako ndiye anayekwenda kutibu watu?"

Nikasema ndiye.

"Umemwambia?"

Nikasema bado.

Akaweka ukili chini, kwa mara ya kwanza jana yote, akanitazama usoni. Akasema, "Mwambie asiwe kama wewe."

Leo nimechukua kalamu. Basi nakwambia, Somoe, kama alivyoniagiza. Usiwe kama mimi.

Baba yako